Kikula: Jua likizidi mchana, nani atalifikisha usiku?

Likasi ni mji uliojengwa juu ya umeme. Mwaka 1930 kiwanda cha Mwadingusha, kilichoitwa Francqui wakati ule, kilianza kugeuza maji ya mto Lufira kuwa nguvu ya kuendesha viwanda vya shaba vya mji uliojulikana kama Jadotville. Mwaka 1950 kikafuata cha Koni, chini kidogo kwenye mto huohuo. Kisha Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, upande wa Kolwezi. Mwaka 1982 ikamalizika njia ya umeme mkubwa kutoka Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700 za waya zikivuka nchi nzima. Na mwaka 2021 Mwadingusha yenyewe, baada ya kutengenezwa upya kwa mapatano kati ya SNEL na mgodi wa Kamoa-Kakula, ilianza tena kutoa megawati zipatazo 78.

Lakini katika komine ya Kikula, yenye watu wengi na soko lake kubwa, swali la kila siku ni lilelile: leo umeme utarudi saa ngapi? Unaweza kuja saa nane za usiku, wakati kila mtu amelala. Unaweza kuja dhaifu, balbu ikawa nyekundu kama kaa la makala. Unaweza kuja na nguvu ya ghafla ukaunguza tele na frigo. Ndiyo maana mapaa ya Kikula yameanza kubadilika rangi. Kati ya mabati yenye kutu mtu anaona plaki za jua, moja hapa, mbili pale, nne kwa mwenye uwezo.

Watu wengi wanafikiri kwamba shida ya jua ni moja tu, kwamba halitoshi. Familia moja ya Kikula imejifunza kwamba kuna shida nyingine ambayo haizungumzwi. Mchana jua linazidi, na usiku halipo. Kati ya hayo mawili kuna saa chache ambazo mtu asipozipanga, umeme wake unapotea, na dawa ya mtoto inaweza kupotea nao.

Mwenye nyumba hiyo ni papa mwenye miaka zaidi ya sitini. Alikuwa fundi wa umeme Gécamines, mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka katika kampuni hiyo mwaka 2003 na 2004, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Tangu hapo anaishi kwa kubobina mota za vinu na za pompi za maji. Mwezi wa saba mwaka 2025 aliuza pikipiki yake, akaongeza pesa alizotumiwa na binti yake, akanunua plaki 4 za wati 450, batri moja ya litiamu na ondulere ya ibridi.

Ondulere ya namna hiyo haifanani na ile ndogo ya zamani inayogeuza tu umeme wa batri ya gari. Hii ina milango mitatu: mlango wa plaki, mlango wa batri na mlango wa SNEL. Mwenye nyumba anaipangia nani atangulie. Papa aliipanga hivi: jua kwanza, batri ya pili, SNEL ya mwisho. Jua likiwepo, nyumba inakula jua, na kinachobaki kinaingia katika batri. Jua likilala, batri inashika kazi. Batri ikishuka hadi kiwango kilichowekwa, ondulere inaomba SNEL. Na kama SNEL haipo, kuna kiwango cha mwisho ambapo kila kitu kinazimika ili batri isife.

Batri yenyewe ni ya volti 25.6 na ampea-saa 100, yaani kilowati-saa 2.5 hivi. Ni ya aina ya litiamu, chuma na fosfeti. Watu wa Katanga wakisikia neno batri wanafikiri mara moja juu ya kobalti, maana ndiyo inayochimbwa katika ardhi yao. Lakini batri ya aina hii haina kobalti hata chembe. Kilichomo kutoka katika madini ya huku ni shaba tu: shaba ya nyaya, na karatasi nyembamba za shaba zilizo ndani ya batri. Bei yake ni kubwa kuliko ya batri ya risasi na asidi, ila inaruhusu kutumiwa hadi asilimia 80 bila kuumia. Ile ya asidi, ukiishusha kila siku chini ya nusu, haitakaa muda mrefu.

Plaki ziliwekwa zikitazama kaskazini, kama inavyotakiwa kwa watu wanaoishi kusini mwa ikweta, zikiinama kidogo ili mvua izioshe. Siku za kwanza nyumba ilikuwa na furaha. Kisha kijana wa nyumba, mwenye miaka ishirini na mitatu, akaona jambo lililomtia wasiwasi. Saa tatu asubuhi kioo cha ondulere kilionyesha plaki zinatoa wati 800. Saa tano na nusu, jua likiwa kali zaidi, kikaonyesha wati 150 tu.

“Papa, plaki zimeharibika.”

“Hazijaharibika,” papa akamjibu. “Zimekosa kazi.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Batri ikishajaa na nyumba ikiwa inakula kidogo, ondulere inaacha kuvuta umeme kutoka kwenye plaki. Umeme huo haumwagiki mahali popote, wala hauunguzi kitu. Hauzaliwi tu. Plaki inabaki juani kama mfanyakazi aliyekaa mlangoni akisubiri kuitwa.

Papa alichukua daftari akaanza kuandika, kama alivyozoea kiwandani. Wakati wa kiangazi plaki zake 4 zinaweza kutoa karibu kilowati-saa 7 kwa siku, baada ya kuondoa hasara ya joto na vumbi. Saa tano asubuhi batri inakuwa imejaa. Kutoka hapo hadi saa tisa plaki zinaweza kutoa wati 1,000 zaidi ya mahitaji ya nyumba. Saa nne mara wati 1,000 ni kilowati-saa 4. Yaani kila mchana nyumba ile ilikuwa inaacha umeme mwingi kuliko ule unaoingia katika batri yake nzima.

Usiku hesabu iligeuka. Frigo inakula karibu kilowati-saa 0.5 hadi asubuhi. Taa 0.2. Tele 0.24 kwa saa nne. Ondulere yenyewe, hata isipofanya kazi yoyote, inakula karibu wati 50, na kwa saa kumi na tatu za giza hiyo ni 0.65. Hilo ndilo jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi, kwamba mashine nayo ina tumbo. Jumla inafika 1.6. Batri inaruhusu 2. Iliyobaki ni 0.4 tu. Mchana ni tajiri, usiku ni maskini, na wote wawili wanaishi katika nyumba moja.

Katika parseli hiyo kuna aneksi ya vyumba viwili. Tangu mwezi wa nne mwaka 2025 anakaa humo mama mmoja na watoto wake watatu. Walitoka Bukavu baada ya mji huo kuingia mikononi mwa M23 mwezi wa pili mwaka uleule. Walishuka hadi Uvira, wakavuka ziwa kwa mashua hadi Kalemie, wakaendelea kidogokidogo kwa malori hadi Likasi, ambako mama huyo alikuwa na ndugu wa mume wake. Likasi si mgeni wa jambo hili. Wazee wa hapa wanakumbuka mwaka 1992 na 1993, wakati maelfu ya watu waliofukuzwa walilala kwenye gare wakisubiri treni ya kwenda Kasai. Mji unajua sura ya mtu aliyefika na godoro moja na sufuria mbili.

Mtoto wake wa pili, msichana wa miaka tisa, ana ugonjwa wa sukari unaohitaji insulini kila siku. Chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa katika baridi ya kati ya digrii 2 na 8. Miezi ya sita na ya saba haikuwa na shida kubwa, maana usiku wa Likasi wakati huo unauma. Lakini Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, joto la mchana chini ya mabati linapita digrii 30. Mama alikuja mlangoni kwa mwenye nyumba, akapiga magoti kidogo kama wanavyofanya kwao, akasema:

“Papa, sisi hatuombi umeme. Tunaomba baridi.”

Mke wa papa hakusubiri mumewe ajibu. Alimwambia, “Mama, lete dawa ya mtoto. Frigo iko.”

Hivyo frigo ya familia, iliyokuwa ya nyama na sukre, ikawa na kazi ambayo haikubali mchezo.

Wakati huohuo kijana wa nyumba alikuwa na mawazo yake. Aliona kilowati-saa 4 zinazopotea kila mchana akaziita pesa. Majirani watatu walimwomba awavutie waya, wakakubali kulipa kila wiki. Kijana alivuta waya wa volti 220 kupita juu ya ukuta na juu ya mti wa maembe. Hakuona kosa. Umeme si unazidi?

Lakini majirani hawakuhitaji umeme wakati unapozidi. Mchana wako sokoni, shambani, kwenye machimbo. Waliuhitaji kuanzia saa moja ya jioni: tele mbili, taa, redio. Ongezo lao lilikuwa karibu 0.7, na batri ilikuwa na akiba ya 0.4. Usiku wa tatu, karibu na saa kumi ya alfajiri, ondulere ilipiga kelele mara kadhaa, ikazima. Frigo ikanyamaza.

Mama wa aneksi ndiye aliyesikia kimya kile. Watu waliozoea kukimbia usiku wanasikia kimya haraka kuliko kelele. Aligonga mlango. Papa akaamka, akatazama kioo, akaelewa. Akamwambia asifungue frigo hata kidogo, maana frigo iliyofungwa vizuri inashika baridi yake kwa saa kadhaa. Walikaa barazani wote wawili, bila maneno mengi, hadi jua lilipotoka na ondulere ikarudi yenyewe. Dawa ilikuwa salama.

Kijana aliona aibu. Ili kulipa deni lake, mchana uliofuata alizungusha kibonyezo cha frigo hadi mwisho, kwenye baridi kali kabisa. Hesabu yake ilikuwa nzuri nusu: jua linazidi, basi tuujaze baridi ndani ya frigo mchana, ili usiku ikizimika tuwe na akiba. Lakini kisanduku cha dawa kilikuwa kimesukumwa nyuma, kikagusa bati la kugandisha. Jioni mama alipokitoa, ndani ya chupa kulikuwa na barafu.

Insulini iliyoganda haitumiki tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Nguvu yake inakuwa imevunjika na hakuna macho yanayoweza kuona hilo. Chupa ile ilikuwa ya wiki tatu. Ilitupwa. Pesa za majirani za wiki ya kwanza, ambazo kijana alikuwa amezihifadhi, zote zilikwenda kununua nyingine, na hazikutosha. Papa aliongeza.

Kwa watu wanaosikiliza habari hii wakiwa katika hali kama ya mama huyo, hapo ndipo somo la kwanza lilipo. Frigo yenye umeme mwingi inaweza kuharibu dawa kama ile isiyo na umeme. Dawa ikae katikati ya frigo, ndani ya kisanduku, mbali na ukuta wa nyuma, na kipimajoto kidogo kando yake. Asiye na frigo kabisa asikate tamaa pia. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo ya kazi yao iliyoanzia katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab, Kenya. Walipima joto la ndani ya nyumba za wakimbizi, lililokuwa likipanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37, wakaiweka insulini katika hali hiyohiyo kwa wiki 4, na nguvu yake haikupungua kwa kiasi cha kumdhuru mgonjwa. Chungu cha udongo chenye maji, kikiwekwa kivulini, nacho kinasaidia kushusha joto. Kila mtu amwulize muuguzi wa kituo chake cha afya kuhusu aina ya dawa aliyopewa. Muhimu ni kujua kwamba kuganda ni adui mkubwa kuliko joto la siku chache.

Baada ya jambo hilo papa aliwaita wote barazani: mke wake, kijana, mama wa aneksi na majirani watatu. Hakumgombeza mtu. Alifungua daftari akawasomea hesabu. Kisha akasema neno ambalo mafundi wa zamani wanalijua: umeme una saa yake. Mwenye kuutaka umeme wa jua auendee wakati jua lipo, au alipe batri ya pili.

Batri ya pili ilikuwa njia. Ingeweza kuchukua kilowati-saa 2.5 kati ya zile 4 zinazopotea, na majirani wangeangaza hadi asubuhi. Lakini bei yake ilikuwa juu ya uwezo wao wote wakikusanya. Basi wakatafuta batri ambazo tayari walikuwa nazo bila kuziita batri.

Batri ya kwanza ni taa ndogo za kuchaji. Badala ya waya juu ya mti wa maembe, kila nyumba inaleta taa zake na telefoni zake asubuhi, inazichukua jioni. Taa moja inataka wati-saa 15 hivi, na telefoni karibu kiasi hicho. Taa thelathini na telefoni arobaini, vyote pamoja, ni kidogo zaidi ya kilowati-saa 1, tena ya mchana, ambayo ilikuwa inapotea. Giza linapoingia, umeme huo uko tayari katika nyumba za watu, na batri ya papa haiguswi. Waya ulikunjwa.

Batri ya pili ni barafu. Papa alitengeneza friza ya zamani iliyokuwa imeachwa na mteja, akaifungia saa: inawaka saa tano, inazima saa tisa. Barafu ikiyeyuka inameza joto jingi, kila kilo moja karibu kilojuli 334, kwa hiyo chupa za maji zilizoganda mchana zinahamishiwa jioni katika frigo, sehemu ya juu, mbali na dawa. Usiku mota ya frigo inafanya kazi kidogo. Barafu nyingine inauzwa kwa mama wanaouza samaki sokoni, na pesa hizo zinawekwa kando kwa ajili ya batri itakayokuja.

Batri ya tatu ni pipa la maji. Pompi ya wati 500 inapandisha maji mchana, na usiku maji yanashuka yenyewe. Ya nne ni sufuria. Jiko la presha la umeme, la wati 900, linapika maharagi ya nyumba mbili saa sita ya mchana, kisha yanafunikwa na blanketi hadi jioni. Kila siku ya maharagi ni makala yanayobaki sokoni, na miti inayobaki msituni. Resho za kawaida zilikataliwa katika mpango huo, kwa sababu zinakula umeme muda wote wa kupika, na sufuria isiyofunikwa inatupa joto jingi hewani.

Vitu hivi haviwashwi pamoja. Jiko likiwa kazini, pompi inasubiri. Karatasi imebandikwa karibu na ondulere, imeandikwa kwa mkono wa mke wa papa, ili hata mtoto aisome. Kwanza: dawa na frigo. Pili: taa na telefoni za nyumba mbili. Tatu: batri ijae. Nne: kazi za mchana, kwa zamu. Tano: tele, na ikifika asilimia 50 usiku, tele inazimwa. Kijana ndiye mlinzi wa karatasi hiyo. Telefoni za watu wa jirani wenye uwezo zinalipiwa franka 500. Za familia zilizokimbia vita hazilipiwi, na uamuzi huo haukupigiwa kura. Kwa watu hao telefoni ndiyo njia pekee ya kujua ni nani amefika, ni nani amebaki, na ni nani hajibu tena.

Wengine Kikula wameuliza: kwa nini umeme unaozidi usirudishwe tu kwa SNEL, halafu SNEL ilipe? Katika nchi nyingine jambo hilo lipo. Kenya iliandika njia hiyo katika sheria yake ya nishati ya mwaka 2019, na kanuni za kuitekeleza zikatoka mwaka 2024. Lakini linahitaji mkataba, mita inayosoma pande mbili, na mtandao wenye umeme wakati huo. Ondulere zilizotengenezwa vizuri zinakataa kupeleka umeme nje mtandao ukizimika. Na mita nyingi za kununua umeme kabla zinahesabu umeme unaorudi kana kwamba umetumiwa, kwa hiyo mtu anaweza kutoa umeme wake na kulipishwa juu yake.

Kubwa zaidi ni hatari. Umeme wa volti 220 ukipenya kutoka nyumbani kurudi kwenye kabini, transfoma inaugeuza kuwa maelfu ya volti upande wa pili. Mfanyakazi aliye juu ya nguzo, anayeamini waya umekufa, anaweza kuuawa na plaki za mtu asiyemjua. Kwa hiyo swichi ya kutenganisha nyumba na SNEL si pambo. Vilevile anayetaka kuuza umeme kwa wengine kama biashara anaingia katika Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, iliyofungua kazi ya umeme kwa watu binafsi nchini. Aulize kwanza kabla ya kuvuta nyaya juu ya paa za watu.

Mambo mengine ni madogo lakini yanaokoa. Vumbi jekundu la kiangazi lifutwe asubuhi mapema kwa maji na kitambaa laini, si mchana plaki zikiwa moto. Batri za asidi zisikae katika chumba cha kulala, kwa sababu zikichajiwa zinatoa gesi inayoweza kulipuka. Waya wa ardhi na kinga ya radi viwekwe kabla ya mvua za kwanza, maana ngurumo za Katanga hazibishi hodi. Na fuzi iwekwe karibu kabisa na batri. Batri ya litiamu haina huruma kwa waya mwembamba.

Mvua zilipoanza, mpango ulipimwa. Kuna siku wingu lilikaa juu ya Likasi tangu asubuhi hadi jioni, na plaki hazikutoa hata kilowati-saa 2. Siku hizo karatasi ya ukutani inafuatwa kutoka juu hadi pale umeme unapoishia. Dawa inabaki na baridi. Taa zinapungua. Maharagi yanarudi kwenye makala. Friza haiwashwi, na wauza samaki wanaambiwa mapema ili wasipoteze mali. SNEL ikija usiku wa manane, ondulere inaipokea na kujaza batri bila mtu kuamka. Nguvu ya ibridi iko hapo, kupokea kila kinachokuja kwa saa yake, na kisichokuja hakimkuti mtu hajajiandaa.

Mtoto wa aneksi sasa anajua kusoma kipimajoto. Kila asubuhi kabla ya shule anafungua frigo haraka, anaangalia namba, anaifunga, anaiandika katika daftari la papa. Mama yake anasema siku Bukavu itakapotulia watarudi, na atatafuta plaki moja kabla hata ya kutafuta kitanda. Mpaka siku hiyo, daftari lina ukurasa wake. Juzi namba ilikuwa 5. Jana ilikuwa 6. Leo ni 5.